Mshono wa Mkukuni

Chembeu, ile patasi ya kushindilia pamba kati ya mbao za chombo, ikigongwa juu ya mshono ambao haujashiba pamba hutoa sauti nzito, ya kuzama, mfano wa mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Mshono ukishiba, sauti hupanda na nyundo hurudi yenyewe mkononi. Ami yangu hakunieleza haya siku ya kwanza. Alinipa chembeu, nyundo ya mti na fundo la pamba iliyolowa mafuta ya nazi, akanionesha nafasi kati ya mbao mbili, akarudi kwenye tezo lake. Ilikuwa mwaka 1986, ufukweni Nungwi, kaskazini kabisa ya Unguja, nami nilikuwa na miaka 14. Nilipomaliza kama dhiraa moja alikuja, akaweka chembeu yake juu ya kazi yangu, akagonga mara tatu, akaing'oa pamba yote.

"Anza tena," akasema.

Nilianza tena mara nne kabla ya adhuhuri.

Vijana huniuliza, hasa wale wanaosoma mjini na kurudi likizo, kazi ya kuunda vyombo inafundishwaje ikiwa hakuna kitabu wala mchoro. Nimejaribu kuwajibu kwa mdomo, kila mara naishia kuwashika mkono na kuwapeleka kwenye chombo. Hapa naandika niliyoyapitia mwenyewe, na nitakaa zaidi kwenye kosa moja nililolifanya nikiwa na miaka 17, maana ufundi wangu wote umeanzia pale.

Lakini kabla ya ami yupo mama. Ukiniuliza nani alinitia hamu ya kazi ya mikono, mama ndiye wa kwanza. Alikuwa akifukia makumbi ya nazi kwenye tope la pwani maji yakipwa, na juu yake akipanga mawe ili maji yakijaa yasiyachukue. Makumbi hukaa huko miezi mitatu, mengine zaidi, mpaka nyama yake ioze zibaki nyuzi tupu. Hapo hufukuliwa, yakapigwa kwa gongo mpaka yakawa usumba, kisha usumba ukasokotwa kamba kwa viganja. Kila mwanamke alikuwa na shimo lake na mawe yake, na hakuna aliyefukua la mwenzake. Kamba ya mama niliijua hata gizani kwa kuishika tu, kwa jinsi msokoto wake ulivyokuwa sawa toka mwanzo hadi mwisho.

Jioni moja nilimkuta anafumua kamba aliyoisokota siku mbili. Kulikuwa na mahali pembamba, hapazidi shibiri moja. Nikamwambia, "Mama, si uiache tu? Mnunuzi hataona."

"Mnunuzi hataona," akasema huku akifumua. "Chombo kitaona."

Sikumwelewa. Nilikuwa na miaka tisa au kumi.

Miaka mingi baadaye nilikwenda mjini, nikaingia jumba la makumbusho la Beit al-Ajaib pale Forodhani kuutazama mtepe uliojengwa upya na kuwekwa ukumbini humo. Mtepe ni chombo cha wazee wetu wa pwani, hasa wa visiwa vya Lamu. Mbao zake hushonwa kwa kamba ya usumba bila msumari hata mmoja, na tanga lake ni mkeka uliosukwa kwa miaa. Watu walipita wakitazama ile omo yake ndefu, sehemu ya mbele ya chombo. Mimi nilisimama ubavuni nikifuata kamba kwa macho, tundu hadi tundu, nikimuwaza mama na gongo lake. Nilijua kuna wanawake ambao hakuna aliyewaandika popote, waliofukia makumbi ya kila chombo kilichovuka bahari hii. Jumba lile sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, na watu wawili wakapoteza maisha. Kila nikipita pale moyo wangu hunizama.

Sasa nirudi Nungwi, kwa ami.

Ami alikuwa akitembea mashambani huku akiangalia juu. Watu wasiomjua walidhani anatafuta ndege. Alikuwa anatafuta mataruma. Taruma ni ubavu wa chombo, na ubavu una pinda lake. Ukichukua ubao ulionyooka ukaukata uwe na pinda, nyuzi za mti zinakatika njiani, na taruma hilo litapasuka siku ya kwanza chombo kikipigwa na wimbi la ubavuni. Lazima pinda liwe limeota na mti wenyewe. Kwa hiyo fundi huangalia tawi la mfenesi au la mwembe na kuona ndani yake ubavu wa chombo ambacho mwenyewe hajakiagiza bado. Ami alikuwa na miti yake kichwani: mfenesi fulani Kidoti una taruma mbili za omo, mwembe wa fulani karibu na kisima una moja ya tezi, yaani nyuma ya chombo, bado changa, iachwe miaka mitatu. Alipatana na wenye mashamba mapema, akawapa kishika mkono, akawa anapita kuwasalimu na kuutazama mti unavyoendelea.

Mimi nilikuwa nikimfuata nyuma na panga, na kwa mwaka mzima sikuona kitu. Niliona miti. Siku moja tulipokuwa tunarudi kutoka Matemwe, nikasimama chini ya mfenesi wa njiani, nikasema, "Ami, lile." Akaangalia, akaangalia tena. Akanyoosha mkono wake wa kulia hewani, akaupinda kiwiko kulifuatisha tawi. "La wapi?" akaniuliza. Nikasema, "La tezi, upande wa kushoto." Hakunisifu. Aliniambia nikamwite mwenye shamba. Usiku ule sikulala kwa furaha, na hata leo, nikitembea barabarani, macho yangu hupanda juu yenyewe.

Mkuku, uti wa mgongo wa chombo, hulazwa kwanza. Sisi tulipenda mvule au mbambakofi, miti migumu na haichoki na maji. Ami alipima kwa dhiraa, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, karibu nusu mita, na kwa shibiri, na kwa wanda, upana wa kidole, kwa mambo madogo. Alitumia mkono wake mwenyewe, kwa hiyo kila chombo chake kilikuwa na kipimo cha mwili wake. Mkuku ukilala, husimamishwa hanamu mbele na fashini nyuma, zikapigwa timazi. Baada ya hapo zinafuata mbao za chini na mataruma, zikisaidiana kuleta umbo. Ubao usiotaka kupinda hulowanishwa na kupashwa moto, kisha ukavutwa taratibu kwa kamba mpaka ukubali. Matundu ya misumari tuliyatoboa kwa keekee: mmoja anashika jivu, yaani mpini wake, juu, anavuta uta mbele na nyuma, msukano unazunguka. Msumari huviringishwa pamba yenye mafuta chini ya kichwa chake ili maji yasipate njia, ukapenya mpaka ndani, na ncha yake ikakunjwa juu ya taruma.

Sioni haja ya kueleza kila hatua. Tofauti ya fundi na fundi naiona kwenye jicho. Alfajiri kabla ya wengine kufika, na tena jioni jua likiwa limelala, ami alikwenda mbali na chombo, hatua thelathini hivi, akachutama mchangani akakitazama. Saa hizo kivuli ni kirefu, na kila uvimbe kwenye ubavu hujitaja. Mchana jua la utosini huficha makosa. Alikuwa akikaa hivyo robo saa bila kusema neno, kisha anakuja moja kwa moja na kuweka kidole: "Hapa. Wanda moja." Ukipima kwa uzi, unakuta ni wanda moja.

Nilimwuliza alilipata wapi jicho hilo. Akaniambia habari ya utoto wake. Kila kaskazi ilipovuma, kuanzia Desemba, majahazi ya Masuri yalikuwa yakija kutoka Sur, Omani, yakiwa na tende na chumvi na papa mkavu, yakingoja kusi ya mwaka unaofuata yarudi. Yeye na watoto wenzake waliyaona yakipita mbele ya Nungwi kuelekea mjini, matanga yamejaa. Wenzake walikuwa wakishangilia. Yeye alikuwa akipiga magoti kwenye mchanga mbichi, akichora tezi ya jahazi kabla halijapotea machoni. Maji yalijaa yakaifuta, naye akaichora tena kesho yake kwa kukumbuka. Hakuwahi kwenda shule ya serikali zaidi ya miezi michache. Mchanga ule ndio uliokuwa daftari lake.

Miaka ya karibuni mpwa wangu alinionesha kwenye simu picha ya Fatah al-Khair, chombo kilichojengwa Sur mwaka 1951 na ambacho sasa kimewekwa nchi kavu huko huko Sur kwa kumbukumbu. Niliikuza picha kwa vidole mpaka tezi ikajaa kioo kizima. Nikaona mapinda ambayo ami alikuwa akinichorea mchangani kwa ncha ya kijiti. Nilimwomba mpwa wangu aniachie simu kidogo.

Sasa kosa langu.

Mwaka 1989, mwisho wa kaskazi, tulikuwa tunamaliza jahazi la mkuku wa dhiraa 18. Mwenyewe alikuwa na haraka, anataka lishuliwe bamvua la mwezi ule, maana maji ya bamvua ndiyo yanayofika juu ya kutosha kukibeba chombo. Tukikosa hilo, tungengoja wiki mbili nyingine. Kazi iliyobaki ilikuwa kalafati ya chini, yaani kuziba mishono kwa pamba, na ngumu kuliko zote ni mshono wa mkukuni, pale ubao wa kwanza unapokutana na mkuku. Unalala chali mchangani, mikono juu, mafuta yanakudondokea machoni, na kila pigo la nyundo unalipiga kwa nguvu ya mabega tu. Pamba inatakiwa iingie mara tatu: ya kwanza ikae ndani kabisa, ya pili ishibishe, ya tatu ifunge mdomo. Kila mara isishindiliwe kupita kiasi, maana mbao mpya zikinywa maji huvimba, na pamba iliyokazwa mno itausukuma ubao utoke kwenye misumari yake. Yote hayo nilikuwa nayajua. Nilikuwa na miaka mitatu kazini.

Ami alishikwa na homa siku ile, akabaki nyumbani. Nilifanya kazi peke yangu toka asubuhi. Ilipofika alasiri, mabega yananiuma, nikabakiwa na kama pima moja karibu na tezi. Nikatia pamba mara moja, ile ya mdomoni tu, nikaipiga ikaonekana sawa na nyingine. Jua halijazama nikaifunika kwa shahamu iliyochanganywa na chokaa. Ukishapaka shahamu na chokaa, chini yote ya chombo huwa nyeupe, nzuri, hakuna jicho litakaloona kilichomo ndani. Niligonga mara moja kabla ya kupaka. Nilisikia sauti nzito. Nilisikia na nikapaka.

Siku ya kushua watu walitoka mitaa yote. Dua ilisomwa, mbuzi alichinjwa, masufuria ya pilau yalikuwa chini ya mikungu tangu asubuhi. Magogo yalitandazwa mpaka majini, kamba zikafungwa omo na ubavuni, na mojawapo ilikuwa ya mama. Mwenye sauti akaanzisha wimbo, watu wakaitikia na kuvuta, jahazi likatambaa kidogo kidogo mpaka likagusa maji, likainuka. Hakuna kitu ninachokipenda duniani kama wakati ule chombo kinapoacha kuwa mbao. Siku ile sikuupata utamu wake. Nilikuwa natazama maji pale tezini.

Baada ya siku kumi na mbili nahodha akarudi. Alipweleza mbele ya banda letu, akaja kwa ami, akatoa salamu, akakaa. Aliuliza hali ya homa. Alipewa maji akanywa. Kisha akasema, "Fundi, chombo chako kinakunywa."

Walitoka Mkoani, Pemba, na shehena ya ndizi na nazi. Usiku bahari ikachafuka mkondoni, na chombo kilipoanza kujipinda, maji yakaanza kuingia kwenye ngama, chini kabisa ndani ya chombo, kuliko kawaida. Wanaume wanne walifua maji mpaka alfajiri kwa zamu. Sehemu ya shehena waliitupa baharini. Alikuwepo kijana wa rika langu katika mabaharia wake, amekaa mchangani mbali kidogo, viganja vyake vimefungwa vitambaa. Upo wa kufulia maji ulikuwa umemchubua.

Maji yalipokupwa ami akainama chini ya mkuku na chembeu. Akagonga kuanzia omo. Tak, tak, tak, sauti ya juu, safi, dhiraa baada ya dhiraa. Nilikuwa nimesimama nyuma yake nikiomba Mungu niwe nimekosea kukumbuka. Akakaribia tezi, sauti ikaanguka.

"Unasikia?" akaniuliza bila kugeuka.

"Naam, ami."

"Siku ile ulisikia?"

"Naam, ami."

Hakunipiga wala hakupandisha sauti. Alikaa kimya muda mrefu, kidole chake kiko juu ya ule mshono. Kisha akafanya jambo ambalo mpaka leo ndilo somo langu kubwa. Akaamuru mshono wa mkukuni ufunguliwe wote, toka omo mpaka tezi, pande zote mbili, pamoja na ule aliouziba yeye mwenyewe kwa mikono yake kabla ya homa. Nikamwambia, "Ami, wa kwako ni mzima, nimeusikia." Akasema, "Nahodha yule usiku atakapolala, atajuaje upi wa nani?"

Tukaufungua. Pamba mpya aliinunua kwa fedha yake, na shehena iliyotupwa akamlipa mwenyewe kidogo kidogo kutoka kwenye ujira wa vyombo vilivyofuata. Mimi sikuulizwa shilingi. Tulianza kazi wakati mmoja, yeye akaanzia omo, mimi nikaanzia tezi, tukasogeleana. Siku ya tatu tulikutana katikati, vichwa vyetu karibu kugusana chini ya mkuku, na yeye akatia pamba ya mwisho.

Jahazi lilipokuwa tayari akanipa upo mkononi. "Utakwenda nao."

Nilikwenda nao safari tatu, Pemba na Tanga. Nililala juu ya mbao za ngama, mahali pale pale, na kazi yangu ilikuwa kufua maji. Yule kijana wa vitambaa alilala karibu nami. Usiku wa kwanza hakusema nami. Wa pili aliniuliza kama ndiye mimi, nikasema ndiye. Akanyamaza, kisha akanionesha jinsi ya kushika upo usinichubue: kidole gumba kikae juu, kisizunguke mpini.

Baharini nilijifunza ambayo ufukweni hayafundishiki. Chombo hulia. Nilikuwa nimejua kama neno tu, sasa nikalisikia chini ya sikio langu: mbao zinasuguana, zinapanuka na kufunga kila wimbi linapopita, kama mbavu za mtu anayepumua. Mshono hauko tuli hata dakika moja. Pamba ya ndani hufanya kazi wakati mshono umefunguka, ya nje hufanya kazi wakati umefunga, ya kati inaziunganisha. Ndiyo maana ni tatu. Kwa miaka mitatu nilihesabu hadi tatu bila kujua kwa nini tatu. Na nilijifunza kuwa nahodha hulala. Mtu mzima mwenye watoto, ameshika usukani tangu magharibi, anamwachia mwenzake, anajifunika shuka na kulala usingizi mzito juu ya pima kadhaa za maji meusi, kwa sababu anaamini kwamba mtu fulani ufukweni alisikia sauti iliyo sawa. Nilimtazama akilala. Nilipeleka mkono chini ya mbao, nikapapasa mkukuni. Palikuwa pakavu, nikaendelea kupapasa usiku kucha.

Tangu hapo ami aliweka ada: aliyetia kalafati huenda na chombo safari yake ya kwanza. Mafundi wengine walimwambia anapoteza siku za kazi. Nami nimeishika ada hiyo tangu nilipoachiwa banda, na vijana wangu wote wamelala kwenye ngama.

Mengi yamebadilika. Msumeno wa umeme na drili vimeingia, na sivilaumu, vimeokoa migongo ya watu. Mbao nzuri zimekuwa adimu na bei yake inatisha. Wavuvi wengi wanataka boti za faiba, nyepesi, za kufunga mashine nyuma. Hoteli zimetuzunguka pande zote na ufukwe wa kuundia vyombo unapungua. Mtu mmoja wa biashara alituagiza mashua ya kuwekea vyakula ukumbini mwake. Alisema hakuna haja ya kalafati, haitagusa maji maishani. Niliiziba yote, mishono yake yote, pamba kamili. Vijana waliniuliza kwa nini tunapoteza pamba. Sikuwa na jibu la kuwapa, mkono tu ulikataa kuiacha. Nusu ya fedha sikuiona mpaka leo, na bado kuiziba sikujutii.

Mwanzoni mwa mwaka 2019 nilikwenda mjini kuiona Flipflopi, chombo kilichoundwa Lamu chini ya fundi Ali Skanda kwa taka za plastiki zilizookotwa na kuyeyushwa, takriban tani 10, na ubavu wake ukavishwa vipande vya ndara za rangi zote. Kilikuja na tanga kutoka Lamu mpaka Unguja, kilomita 500 hivi. Nilikwenda na shaka moyoni. Niliinama nikaangalia mkuku, nikaangalia mataruma, nikaona alama za mkono wa fundi: mapinda yamefuatwa, viungo vimekaa. Yule aliyekichonga alikuwa amehangaika na kitu kisicho na nyuzi, kisichosaidia, kinachoteleza, na bado umbo lilikuwa la pwani yetu. Nilirudi Nungwi usiku ule nikiwaza kuwa huyu naye angenyoosha mkono wake hewani chini ya mfenesi.

Limebaki jambo moja.

Jahazi lile la mkuku wa dhiraa 18 lilifanya kazi miaka 23. Kila lilipoletwa kutengenezwa, tulibadilisha ubao huu na ule, tukaziba palipolegea. Mshono wa mkukuni tulikuwa tukiugonga tu, sauti ikawa juu, tukauacha. Mwaka 2012, miaka minne baada ya ami kufariki, mwenyewe aliamua livunjwe, mataruma yalikuwa yamekwisha. Nilimwomba kazi hiyo niifanye mimi.

Nilikwenda na mpwa wangu, wakati huo ana miaka 15. Tuliing'oa mbao moja moja mpaka tukaufikia mkuku. Nikachukua kulabu, nikaanza kuitoa pamba kuanzia tezi, upande wangu. Ilitoka nyeusi, ngumu, imeshikana, ukiivunja katikati bado inanuka mafuta. Nikaenda nayo taratibu, kipande kwa kipande, nikivipanga mchangani kwa kufuatana. Nilikuwa natafuta mahali tulipokutana. Nilijua ni katikati, karibu na mwashiri, mti unaoshika mguu wa mlingoti, pale alipotia pamba ya mwisho. Mkono wake ulikuwa mzito kuliko wangu. Nilikuwa na hakika nitapatambua.

Nikapita katikati, nikaendelea mpaka omo. Nikarudi nikavitazama vipande vyote nilivyovipanga, nikavishika kimoja kimoja.

"Mjomba, unatafuta nini?" mpwa wangu akaniuliza.

Nikamwambia anisaidie kubeba.